Kati ya “Hujalipa” na “Sijaona Malipo”



Anayeuza huduma kupitia simu hapa Bujumbura huishi kwa kusubiri ujumbe mmoja mfupi, ule unaosema kwamba fedha zimeingia. Kijana anayebuni kadi za harusi pale Bwiza, mama anayetafsiri vyeti vya kuzaliwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, familia inayopangisha chumba kule Kajaga karibu na ziwa, mwalimu anayewafundisha Kiswahili kwa video watoto wa Warundi walioko Ubelgiji na Kanada: wote hao hawana duka wala kaunta. Mteja huwajua kwa picha na sauti, nao humjua mteja kwa namba ya simu. Fedha hupitia Lumicash, EcoCash, programu za benki au, kwa wateja wa ng’ambo, kadi. Na kazi ikishatoka mkononi hairudi. Muuza viazi aliyedanganywa anaweza kumkimbilia mteja na kulikamata gunia lake. Aliyekwisha kutuma tafsiri ya kurasa kumi hana cha kukamata.

Kwa hiyo sishangai kwamba wauzaji hawa wamekuwa wakali. Ukali huo ndio ninaotaka kuujadili. Muuzaji anapoingiwa na shaka kwamba malipo ya mteja ni ya udanganyifu, shaka hiyo inampa haki gani? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asilitafute: inampa haki ya kusubiri na haki ya kuuliza. Haimpi haki ya kutukana, haimpi haki ya kubaki na fedha zisizo zake, wala haimpi haki ya kuutangazia mji mzima jina la mtu.

Lakini tuanze na udanganyifu wenyewe, kwa sababu asiyeujua ama hushuku kila kitu ama hashuku chochote.

Ulio maarufu zaidi ni ujumbe bandia. Mteja anasema, “Nimeshatuma, angalia simu yako.” Kweli simu imelia, na maneno yamepangwa kama yale ya kampuni: kiasi, jina, namba ya muamala, salio jipya. Kasoro yake ni kwamba ujumbe umetoka kwenye namba ya mtu binafsi, na salio lililotajwa halilingani na lile lililokuwamo. Ndugu wa ujumbe huo ni picha ya skrini, ambayo siku hizi hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuibadilishia tarehe na kiasi kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Kuna ule wa “nimekosea”. Mtu asiyekujua anakupigia kwa sauti ya huzuni: ametuma faranga 80,000 kwako badala ya kumtumia mgonjwa hospitalini, tafadhali mrudishie. Pengine hakutuma kitu. Pengine fedha zimeingia kweli, ila zimetoka kwenye akaunti ya mtu mwingine aliyeibiwa namba ya siri, na anayepiga anataka uzirudishe kwenye namba tofauti na ile zilikotoka. Majirani zetu wa Tanzania wana ulaghai wa ukoo huohuo, “ile pesa tuma kwenye namba hii”, maneno ambayo yamezoeleka mpaka yakawa mzaha wa taifa zima. Mamlaka ya Mawasiliano ya huko imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa za ujumbe wa aina hiyo.

Wanaopangisha vyumba wamjue pia mteja anayelipa zaidi. Anaandika kutoka mbali, haulizi bei, haulizi maji wala umeme (na hapa kwetu asiyeuliza umeme ni wa kutiliwa shaka kwa hilo tu), analipa kwa kadi kiasi kinachozidi kodi ya chumba, kisha anaomba zile zilizobaki atumiwe “dereva” au “wakala wa safari” kwa simu. Chumba hakitalaliwa na mtu. Kadi ni ya wizi, na fedha ulizomtumia dereva ni zako mwenyewe.

Hapo kwenye kadi panahitaji maelezo, kwa maana wauzaji wengi wa mjini wamezoea fedha za simu, ambazo zikiingia huhesabika zimeingia. Kadi haina tabia hiyo. Mwizi anapolipa kwa namba za kadi ya mtu mwingine, malipo hukubaliwa kama kawaida. Baada ya wiki kadhaa mwenye kadi anaisoma taarifa ya benki yake, anaona malipo asiyoyajua, anailalamikia benki, na benki inazivuta fedha zile kutoka kwa muuzaji. Kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida humpa mwenye kadi hadi siku 120 za kulalamika. Muuzaji hupoteza vitu vitatu kwa mpigo: kazi aliyokwisha kuitoa, fedha alizodhani amezipata, na ada anayotozwa kwa usumbufu. Kinga mojawapo ni ule uthibitisho wa ziada, ambapo mwenye kadi hutakiwa kuandika namba aliyotumiwa na benki yake. Malipo yakishapita hapo, hasara ya udanganyifu kwa kawaida huiangukia benki iliyotoa kadi. Anayechagua njia ya kupokea kadi na aulize kwanza kama uthibitisho huo umo. Ni swali moja, na linaokoa fedha nyingi.

Basi, tapeli yupo. Hilo silibishi. Ninachobishia ni namna tunavyomtafuta.

Nimewasikiliza wauzaji kadhaa wakieleza wanavyomtambua. Mmoja aliniambia: jina linalojitokeza kwenye malipo likiwa tofauti na jina la mteja, huyo ni mwizi. Tuitazame kanuni hiyo hapa tulipo. Ni watu wangapi mjini humu wanatumia laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha kaka, cha mume au cha mwajiri? Ni wangapi huenda kwa wakala wa pembeni na kumwomba atume kutoka kwenye simu yake, kwa kuwa yao haina salio? Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walivuka kuja Burundi wakikimbia vita, wengine wakiuvuka mto Rusizi kwa miguu. Mtu aliyekimbia na watoto na mfuko mmoja hawezi kuwa na laini ya Burundi yenye jina lake. Akitaka kutafsiriwa hati zake, atalipiwa na binamu, au na mchungaji, au na mwenye nyumba aliyempokea. Malipo yake yatakuwa na jina la mtu mwingine kwa sababu maisha yake yote kwa sasa yamo mikononi mwa watu wengine. Kanuni ile ya majina inamkamata yeye kwanza; tapeli hodari, ambaye ameiba laini ya mtu na anajitambulisha kwa jina lililomo kwenye laini hiyo, inampisha bila swali.

Mwingine aliniambia hachukui kazi yoyote kutoka kwenye namba inayoanza na 243, yaani ya Kongo, kwa kuwa aliwahi kutapeliwa na mtu wa Uvira. Methali anayo tayari: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo, kwa heshima zote kwa wahenga, ilitungwa kwa ajili ya tenga la samaki, binadamu hawamo. Na sisi Warundi tungepaswa kuwa wa mwisho kuitumia. Ni nani kati yetu hajawahi kufungua tovuti ya ng’ambo, akajaza fomu yote, akafika kwenye orodha ya nchi na kukuta Burundi haimo? Hukufanya kosa lolote. Mtu fulani, mahali fulani, aliona ni rahisi zaidi kuiondoa nchi nzima kuliko kuyachunguza malipo yako. Unakumbuka ulivyojisikia? Basi ndivyo anavyojisikia mtu wa Uvira anapoandika “habari dada” asubuhi na kukuta amezuiwa bila neno.

Kuna na mtandao wenyewe. Umeme ukikatika na mnara ukalegea, ujumbe halali wa kampuni unaweza kuchelewa. Mteja ameshakatwa fedha, ana uthibitisho mkononi, na muuzaji hajapokea kitu. Picha ya skrini anayoituma ni ya kweli. Kwa hiyo mambo mawili yanasimama kwa pamoja, na muuzaji anatakiwa ayabebe yote mawili: picha ya skrini haithibitishi kwamba umelipwa, na kukosekana kwa ujumbe hakuthibitishi kwamba umedanganywa. Uthibitisho uko mahali pamoja tu, yaani kwenye salio lako na kwenye orodha ya miamala yako, unapoifungua wewe mwenyewe kwa namba yako ya siri. Usiifungue kwa kiungo ulichotumiwa. Usimsomee mtu namba ya siri hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la muuzaji wa siku hizi ni orodha ile ya miamala, pamoja na daftari la karatasi la kuandika nani aliagiza nini, siku gani, kwa bei gani, na namba ya muamala ni ipi. Ninasisitiza la karatasi, kwa kuwa simu nayo huibwa.

Sasa tuingie kwenye maneno, maana huku ndiko kwenye kazi yangu.

Tuseme umeangalia salio na fedha hazimo. Muuzaji mwenye hasira huandika: “Hujalipa.” Mwenye busara huandika: “Sijaona malipo.” Nimewahi kuziandika sentensi hizi mbili ubaoni nikawauliza wanafunzi zinatofautiana wapi. Walianza na urefu. Tofauti hasa iko kwenye silabi ya kwanza. Katika hujalipa, kiambishi hu- kinamshika mteja na kumweka kizimbani: wewe, ndiwe usiyetenda. Katika sijaona, kiambishi si- kinamrudia msemaji: mimi, ndimi nisiyeona. Sentensi ya kwanza inadai kujua jambo lililotokea kwenye simu ya mtu mwingine, jambo ambalo muuzaji hawezi kulijua. Ya pili inasema lile tu analolijua. Kwa hiyo adabu na ukweli hapa vimekaa kwenye silabi moja. Tena zote mbili zina -ja-, ambacho katika Kiswahili huacha mlango wazi: jambo halijatokea, lakini laweza kutokea bado. Mteja mwaminifu akipokea “sijaona malipo” atakwenda kwa wakala kufuatilia. Akipokea “hujalipa” atapandwa na hasira, na kazi iliyobaki itakuwa kugombana. Tapeli, kwa upande wake, atajibu vilevile kwa yote mawili: atakuharakisha. Atasema gari linaondoka, mgonjwa anazidiwa, bosi anasubiri. Haraka hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko majina yote na namba zote za nchi.

Ningemwandikia mteja hivi: “Ndugu, asante kwa ujumbe wako. Nimeangalia akaunti yangu saa nne na robo, sijaona malipo ya faranga 60,000. Naomba unitumie namba ya muamala ili nami niwaulize kampuni. Kazi yako iko tayari. Nitaituma mara tu fedha zitakapoonekana.” Hakuna tusi humo, hakuna woga, na hakuna ahadi isiyotimizika. Mwaminifu anapata njia ya kutoka. Tapeli hapati alichokuja kukitafuta, yaani kazi kabla ya fedha.

Kiswahili kimetupatia ngazi nzima ya maneno hapa, nasi tunaiparamia kwa hatua moja. Kuna shaka, ambayo imo moyoni mwangu na haimhusu mtu mwingine bado. Kuna tuhuma, ambayo ni shaka iliyotamkwa mbele za watu. Kuna mashtaka, ambayo yamefikishwa mahali panapostahili. Na kuna hatia, ambayo hutamkwa na hakimu. Mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, mwenye hatia: ni watu wanne tofauti hata kama mwili ni mmoja. Katika makundi ya WhatsApp ya mjini humu, mtu huwa wa kwanza saa tatu na wa nne saa tatu na nusu.

Najua msomaji mwanasheria atanikatiza. Atasema kwamba kanuni ya kumhesabu mtu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, iliyomo katika kifungu cha 11 cha Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 na katika Katiba yetu ya mwaka 2018, inazibana mahakama; muuza kadi za harusi hakutajwa humo, naye yuko huru kukataa kazi. Ni kweli. Siombi muuzaji alazimishwe kumhudumia anayemtia shaka. Amwambie, “Samahani, sitaweza kuipokea kazi hii,” na yaishe. Lakini mara anapoichukua picha ya mteja kwenye wasifu wake, akaichora duara jekundu, akaandika MWIZI na kuisambaza kwenye makundi matatu, ameacha kuwa muuzaji anayekataa kazi. Amejifanya polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na mpiga mbiu, na hukumu yake haina rufaa. Kampuni ikithibitisha kesho kwamba fedha zilichelewa tu, nani atakwenda kuifuta picha ile kwenye simu mia mbili? Huyo mama aliyechorwa duara ana watoto shuleni. Watoto wenzao wana simu.

Wenzetu wa Kenya wameanza kuiona gharama ya tabia hii. Sheria yao ya kulinda data ni ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Siku hizohizo ilikitoza faini kubwa zaidi chombo kimoja cha mikopo ya simu kilichotumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Mteja yule wa baa hakuitwa hata mwizi. Alipigwa picha tu akistarehe.

Nirudi kwenye fedha, kwa sababu kuna kosa ambalo watu wema hulitenda bila kuliita kosa. Fedha zimeingia kweli, muuzaji anashuku kwamba zimeibwa, naye anasema: “Mimi nazibakiza na kazi sitoi. Tapeli hawezi kwenda polisi.” Wengine hucheka wanapolisimulia, na wasikilizaji huwapongeza kwa ujanja. Lakini hesabuni watu waliomo kwenye hadithi hiyo. Yupo tapeli, yupo muuzaji, na yupo mtu wa tatu ambaye hakuna anayemtaja: mwenye fedha. Pengine ni muuza mchicha wa Ngozi aliyesoma namba yake ya siri kwa mtu aliyejiita wa kampuni. Akaunti yake imekauka tangu jana. Fedha zake zimepita kwa mwizi wa kwanza zikafika kwa wa pili. Sheria yetu ya jinai, iliyorekebishwa Desemba 2017, inamwadhibu anayepokea au kuficha mali akijua imetokana na uhalifu, na tangu Machi 2022 tuna sheria mahususi ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandao. Kenya imeenda mbali zaidi: sheria yao ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inamtia hatiani hata anayezuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi 200,000 au kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili.

Basi afanye nini? Asizitumie. Asizirudishe kwenye namba atakayotajiwa kwa simu. Hapo ndipo mtego ulipo. Fedha hurudi kwa njia ileile zilikopitia, kadi kwa kadi, namba kwa namba, na iliyo salama zaidi ni kuiachia kampuni izirudishe. Awaambie kampuni: malipo haya yenye namba hii ya muamala ninayatilia shaka, naomba myachunguze. Kisha amwambie mteja neno hilohilo, waziwazi. Mteja aliye halali atakasirika kidogo na kusubiri. Nimeambiwa mara nyingi kwamba kwenda kwenye ofisi ya kampuni ni kupoteza siku nzima kwenye foleni. Sikatai. Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipotoa siku kumi za kurudisha noti za zamani za 5,000 na 10,000, tulipanga foleni ndefu kuliko hizo kwa ajili ya fedha zetu wenyewe. Foleni kwa ajili ya fedha ya muuza mchicha haina sababu ya kuwa nzito zaidi.

Kuna faida moja ambayo muuzaji wa huduma anayo na muuza viazi hana, nayo haitumiwi inavyostahili. Huduma hukatika vipande. Kadi ya harusi yaweza kuonyeshwa ikiwa na maandishi makubwa ya “mfano” juu yake hadi fedha zithibitike. Tafsiri yaweza kutolewa ukurasa wa kwanza kwanza. Masomo hulipiwa kwa wiki. Chumba huwekewa akiba kwa malipo ya usiku mmoja. Na shaka ikizuka katikati ya kazi, huduma inaweza kusimamishwa bila kufutwa. Kusimamisha na kufuta ni vitenzi viwili tofauti kabisa. Kinachosimamishwa kinaendelea pale kilipoachwa, jambo likieleweka. Kilichofutwa humrudisha mteja mwanzo, akiwa ameaibika. Wauzaji wengi ninaowajua hufuta kwa hasira ya dakika moja, kisha hutumia wiki nzima kujieleza. Huwa nawauliza kwa nini hawakusimamisha, nao hunijibu kwamba hawakulifikiria hilo.

Kampuni za simu nazo zina deni. Kule Kenya, mtumiaji wa M-Pesa huliona jina la anayemtumia kabla fedha hazijaondoka, kwa huduma iliyopewa jina zuri la Kiswahili, Hakikisha. Akikosea namba, huupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456 na kuomba fedha zirudishwe. Hayo hayakumaliza utapeli. Yamempa mtu wa kawaida mahali pa kuanzia, naye hana haja ya kuwa na binamu ofisini. Hapa kwetu, Benki ya Jamhuri inayosimamia mifumo ya malipo na wakala wa serikali unaosimamia mawasiliano wangetufaa sana kwa tangazo moja fupi la redio, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, linalosema: ukishuku malipo, piga namba hii, na utajibiwa ndani ya saa kadhaa. Muuzaji anayejua kwamba atajibiwa hana sababu ya kuchora duara jekundu.

Muamala, neno tunalolitumia leo kwa kila kinachopita kwenye simu, lina asili ya Kiarabu, na kabla ya simu lilimaanisha jinsi watu wanavyotendeana. Nalikumbuka kila ninapoombwa kusahihisha masharti ya biashara ya vijana waliopitia darasani kwangu. Huyaandika vizuri siku hizi: bei, muda wa kazi, malipo ya awali, idadi ya marekebisho. Wengi huyaandika kwa Kifaransa peke yake, ingawa wateja wao wa Buyenzi na wa ng’ambo ya mpaka husoma Kiswahili kwa wepesi zaidi. Na karibu wote husahau kipengele kimoja, ambacho huwaongezea kwa kalamu nyekundu chini ya malipo: “Malipo yakitiliwa shaka, kazi itasimamishwa kwa saa 48, mteja ataambiwa sababu, na jina lake halitatajwa kwa mtu yeyote isipokuwa kampuni ya malipo au polisi.”